Njia Katika Mihogo ya Sule

Ediofe, Arua
14 Aprili 2024

Baba Daisy,

Kaa chini kwanza. Usisome barua hii ukiwa umesimama juani na jembe begani, maana nakujua.

Umemtuma Hakimu wa lori la samaki aniulize tena kwa nini sitaki simu. Mdomo wangu umejaa vidonda, hiyo moja. Ya pili, huko Lobule ukitaka mtandao lazima upande juu ya mwamba ule karibu na shule, na ukipanda wanapanda na wengine wote kunisalimia. Nikikuambia nimetapika, kabla ya jioni tarafa nzima inajua nimetapika nini. Barua utaisoma peke yako. Na Kiswahili changu usikicheke. Wewe na Kikakwa chako, mimi na Kialuru changu cha Mahagi, bila Kiswahili cha sokoni tusingejuana hata majina.

Dripu ya pili imeshaingia. Ni ile nyekundu. Siku hiyo yenyewe si mbaya, nilirudi hapa kwa Annie nikala hata ugali. Siku zinazofuata ndizo zinanimaliza. Kila kitu kina ladha ya msumari. Kucha zimeanza kuwa nyeusi. Nywele zimekwenda, zilizobaki Annie alizinyoa kwa wembe, na sasa nimebaki na kichwa ambacho sikujua kama kina nundu nyuma. Ndiyo maana nimekukataza kuja. Usije mpaka nikuite.

Lakini ugonjwa wenyewe nauweza. Kukaa ndiko siwezi. Annie ananiambia, dada, pumzika. Nimepumzika mpaka mgongo unauma. Nimepanga vyombo vyake upya mara nyingi mpaka hajui kijiko kiko wapi. Nafagia uwanja uliofagiwa. Kengele ya kanisa kuu ikilia asubuhi, mwili unanyanyuka wenyewe kama siku zile za kwenda kungoja lori la samaki, halafu nakumbuka hakuna lori, narudi kukaa. Natoka mpaka kwenye lango, natazama watu wanaokwenda kazini na kuwaonea wivu, hata yule anayesukuma mkokoteni wa maji.

Na hili utacheka. Mimi niliyeuza samaki tangu kabla ya kuzaliwa Daisy, sasa harufu ya samaki inanigeuza tumbo. Hakimu analeta barua zako zikiwa zimelala kati ya vikapu. Nazisomea uani, mkono nimeunyoosha mbele kabisa, na Annie kasimama karibu na ndoo. Mke gani anapokea barua ya mumewe hivyo?

Mwambie Daisy samaki wa angara akipinda bila kuvunjika hajakauka, asimpokee, hata Hakimu akimwapia.

Na wewe unafanya nini huko? Barua yako iliyopita ilikuwa na mistari minne, na miwili ilikuwa ya mbuzi.

Mimi,
Léontine, Mama Daisy


Lobule
20 Aprili 2024

Mama Daisy,

Mbuzi amezaa mapacha. Nimeanza na mbuzi makusudi.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa. Kuhusu nundu ya kichwa, mimi niliijua siku nyingi, nilinyamaza.

Mvua imeanza vizuri. Maharage yametoka. Daisy anakaa Koboko siku za soko, siku nyingine anarudi nyumbani. Anauza, ila wateja wako wanamsumbua, wanasema mama yake alikuwa akiongeza mkia mmoja juu. Sijui kama ni kweli.

Mimi niko na kazi kidogo ya jembe hapa nyumbani. Si kubwa. Mikono imetoka malengelenge kama ya kijana anayetafuta mke. Nitakuonyesha ukirudi.

Maneno ya daktari siku ile niliyokuleta ninayo kichwani. Dripu nne, halafu wanapasua, na ukishapasuliwa usitikiswe, usipande pikipiki, usibebe kitu. Nayafikiria kila siku nikilima.

Sijui kuandika maneno mengi. Kula hata kama ni msumari.

Andama


Koboko
29 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo kidogo. Mimi sijambo. Samaki wa wiki hii wameisha wote isipokuwa kikapu kimoja cha dagaa ambacho kilinyeshewa, usikasirike. Yule mama wa gauni la gomesi la kijani amekuja tena kudai umemwahidi samaki mkubwa wa Pasaka. Pasaka imepita, Mama, lakini anadai.

Sasa nataka kukuambia jambo, na usimwambie Baba kwamba nimekuambia. Kila usiku nalala nalo.

Baba anachimba njia. Amefyeka nyasi kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwetu, amejaza mawe kwenye mfereji, amekata ule ua wa minyaa ulioupanda wewe. Njia ni pana, gari linapita. Na uwanja wote ameusafisha mpaka nyuma ya jiko. Watu walipoona hivyo wakaanza kuja. Wanawake wanaleta kuni, wanazishusha, wanakaa kimya kidogo halafu wanaondoka. Katekista alikuja na daftari la nyimbo akamuuliza Baba wewe Mama unapenda nyimbo gani. Baba akamjibu unapenda zile za haraka haraka.

Na Mama, hata Sule. Sule jirani, yule wa ng'ombe waliokula mtama wetu, ambaye hatusalimiani naye tangu nikiwa shule ya msingi. Ametoa pembe ya shamba lake. Ameng'oa mihogo yake mwenyewe ili njia ipite. Nilimuuliza Baba, daktari amesema nini ambacho hatujaambiwa? Akasema, "Hakuna. Wewe kauze samaki."

Mama, kama kuna kitu, niambie mimi. Mimi si mtoto. Huku kwetu njia ya miguu haigeuzwi kuwa ya gari kwa haraka hivi bila sababu, na sababu tunaijua.

Sina raha hata kidogo.

Binti yako,
Daisy


Ediofe
3 Mei 2024

Andama,

Leo sikuiti Baba Daisy.

Nimesikia unachochimba. Usiulize nani kaniambia. Njia pana mpaka mlangoni, uwanja mweupe, kuni nyuma ya jiko, na nyimbo umeshachagua. Bado nini? Umepima na kaburi? Naomba lisiwe karibu na choo.

Mimi hapa naamka kila asubuhi nameza uji unaotaka kurudi, naumeza tena ukirudi. Nanyoosha mkono wanautafuta mshipa mpaka wanachoka wao. Nafanya haya yote nikijiambia kuna mtu Lobule ananingoja. Kumbe kweli ananingoja, ila anangoja gari la kunileta nimelala.

Nimeishi kwenu miaka mingi kiasi kwamba hata mimi najua maana ya njia kama hiyo. Nimewahi kuisimamia pembeni na kulia, kwa ajili ya wazazi wako na kwa ajili ya watoto wa watu. Sule hakubali mbuzi wako akohoe karibu na uzio wake. Kama Sule ameng'oa mihogo, basi wewe umemwambia nimekwisha.

Daktari amekuambia nini ambacho hakuniambia mimi? Siku ile mlibaki ndani mkiongea nikiwa nje kwenye benchi. Mlisema nini?

Dripu ya tatu ni Jumatatu. Siendi. Kama mmeshakubaliana nyote kwamba nakufa, sioni haja ya kuvimbishwa mishipa. Nitakaa hapa kwa Annie mpaka nijue naenda wapi.

Léontine


Ediofe
8 Mei 2024

Shemeji Andama,

Nakuandikia mimi Annie, yeye hajui.

Jumatatu hakwenda. Nilimwandalia mfuko, nikamwitia pikipiki, akakaa pale kwenye lango mpaka pikipiki ikachoka kungoja ikaondoka. Jana tena hivyo. Muuguzi alipiga simu akaniambia akichelewa kidogo si neno, lakini akichelewa sana uvimbe ule uliokuwa unapungua utarudi na nguvu. Unapungua, shemeji. Daktari aliupima mwenyewe akafurahi. Nimemwambia dada, anasema hao wanamfurahisha tu, ukweli uko Lobule.

Hafagii tena. Mwanzoni nilikuwa namwomba aache kufagia, sasa natamani ashike ufagio. Anakaa. Jana aliniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kwetu Mahagi bado kuna mtu wa kumpokea.

Sijui mmefanya nini huko na sitaki kujua. Ila kama kuna neno la kusema, liseme upesi, na uliandike wewe mwenyewe.

Shemeji yako,
Annie


Lobule
9 Mei 2024

Mama Daisy,

Hakimu amenikuta shambani na barua ya Annie, nikamwambia asiondoke mpaka nimalize kuandika. Amekaa chini ya lori anakula mihogo yangu.

Njia ni yako. Ni yako ukiwa hai. Sikiliza sasa.

Daktari siku ile hakuniambia jambo la siri. Aliniambia ukishapasuliwa usipande pikipiki, na akaniuliza gari linafika kwako? Nikasema ndiyo, niliona haya. Nilirudi nyumbani nikatazama ile njia yetu, mfereji, mawe, mteremko ule unaoteleza. Nikajiona nakubeba mgongoni na kidonda kibichi kifuani. Nikachukua jembe.

Sikumwambia mtu kwa sababu nilitaka uione tu siku ya kurudi. Nilitaka gari likufikishe mpaka mlangoni, ushuke, useme neno lolote, hata la kunitukana.

Upande wangu nilichimba vizuri. Halafu nikafika kwenye pembe ya Sule. Gari haliwezi kukata kona pale bila kuingia kwenye shamba lake. Nilikaa siku mbili natazama ile pembe. Kwenda kumwomba Sule, unajua mwenyewe. Ya tatu alikuja yeye, na panga mkononi. Nikajua leo tunaumizana. Akatazama upana wa njia. Akatazama nyumba. Akavua kofia yake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Andama, wanaleta yeye lini?" Nikasema, "Hapana jua bado." Hilo si uongo, sikujua. Akasema, "Mutu ya kufa hapana kataliwa njia. Kata." Na kabla sijashika jembe, yeye mwenyewe akaanza kung'oa mihogo.

Nilifungua mdomo, Mama Daisy. Halafu nikaufunga. Nikamwacha ang'oe.

Baada ya Sule wakaanza kuja wengine. Ningemwambia mmoja ukweli ungemfikia na Sule, na njia ingefungwa. Kuni zote nimezipanga nyuma ya jiko, sijawasha hata kijiti. Katekista nilimjibu vile kwa sababu ndizo unazoimba ukifua.

Daisy sikumwambia kwa sababu anaongea. Naona ameongea.

Kama hutaki njia ya namna hiyo nitaifukia, nitamrudishia Sule pembe yake na matusi yake nitayapokea. Lakini nenda hospitali. Nakuomba sana. Sijakuomba kitu tangu siku niliyokuomba uolewe nami, na siku ile pia ulichelewa kujibu.

Andama


Ediofe
14 Mei 2024

Baba Daisy,

Nimecheka mpaka vidonda vya mdomo vikapasuka. Halafu nikalia mpaka Annie akaja na ndoo akidhani ni samaki. Halafu nikamwambia anipe mfuko, twende.

Dripu ya tatu imeingia jana. Damu ilikuwa sawa. Muuguzi alinigombeza muda wote alipokuwa akitafuta mshipa, na mimi nilikaa kimya, mara ya kwanza tangu tujuane.

Usifikiri yameisha. Ulinifanya maiti ili upate pembe ya shamba! Wanawake wote wanaonunua samaki kwangu wameshanilia. Siku nikirudi sokoni nitawauzia vipi? Watapunguziwa bei na mzimu? Na Daisy, mtoto amelala usiku ngapi akinizika? Kwa hilo nitakusema uso kwa uso, karatasi haitoshi.

Na kuna jingine. Nakuambia kwa sababu umeandika barua ndefu kuliko zote, nami nakulipa. Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Mchana nasema na kila mtu, nagombana na muuza nyanya hapa Ediofe kuhusu nyanya ambazo hata sizili, ili nisikie sauti yangu. Nikinyamaza tu, kitu kinaniuliza, na kama Sule yuko sahihi? Kama hiyo njia itatumika vile wanavyodhani? Daktari anasema uvimbe unapungua, hasemi umekwisha. Nimemuuliza mara nyingi, naye kila mara anajibu vilevile, kwa upole, na upole wake ndio unanitisha.

Kwa hiyo usiifukie. Lakini nenda kwa Sule umwambie mke wako yu hai na anatukana. Kabla sijarudi. Sitaki kupita kwenye mihogo ya mtu kwa deni la kifo changu.

Harufu ya barua yako ilikuwa kali kuliko siku zote. Hakimu alikuwa anakula na nini ile mihogo?

Mama Daisy


Lobule
23 Juni 2024

Mama Daisy,

Tumesikia dripu ya nne imeingia na umelala hospitali siku kadhaa kwa sababu ya homa. Annie alipiga simu. Nilipanda kwenye mwamba nikaongea naye, na kweli walipanda wote, sasa wanajua una homa. Kuni zimeongezeka.

Nilikwenda kwa Sule. Nilikwenda Jumapili baada ya misa, nimevaa shati safi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nikamkuta nyuma ya nyumba anapiga randa ubao wa mvule, ubao mzuri, mrefu. Nikasimama. Akasema, "Hii iko ya sanduku ya mama. Wakati bibi yangu alizaa pacha, mama ya Daisy alileta samaki mpaka yeye alisimama. Hakuna aliyemutuma. Mimi na wewe tunagombana, yeye hapana gombana na mimi."

Hukuniambia kwamba ulikuwa unapeleka samaki kwa Sule.

Nilitaka kusema, Mama Daisy. Ubao ulikuwa unateleza, akaniambia nishike upande wa pili. Nikashika. Tulipiga randa mpaka jioni. Tulipomaliza alinipa chai. Ni mara ya kwanza tangu ule mtama. Nilirudi nyumbani sijasema kitu.

Nitukane. Ila jua kwamba sasa tunasalimiana, na sijui nitafanya nini.

Andama


Ediofe
19 Agosti 2024

Baba Daisy,

Mkono wa upande waliopasua hauna nguvu bado, naandika kidogo kidogo, barua hii nimeianza jana.

Asante kwa kuja. Nilikuwa nimelala na dawa nikakuona umesimama mlangoni na kofia mkononi, nikafikiri, ala, kumbe ni kweli nimekufa, huyu amekuja na kofia ya Sule. Halafu ukanuka samaki, nikajua ni wewe. Ulitazama bandeji. Ulikaa ukanikata kucha nyeusi moja moja. Sikukuambia siku ile, nakuambia sasa. Nilipenda.

Bado nagusa upande huo nikisahau. Nageuka usingizini natafuta kitu cha kulalia hakipo. Daktari amesema waliutoa wote waliouona. Nimemuuliza, na ambao hamkuuona? Akasema ndiyo maana kuna vidonge, ndiyo maana nitarudi kila baada ya miezi mitatu. Vidonge nitameza. Kungoja ndiko sijui nitakumezaje.

Nataka kurudi nyumbani. Nataka kusikia Daisy akidanganywa na wateja ili nimkemee.

Kuhusu Sule usiseme neno tena. Ubao wake usiuguse. Nitaongea naye mwenyewe.

Mama Daisy


Lobule
8 Septemba 2024

Annie mdogo wangu,

Nimefika. Uliniambia niandike siku ileile, nisamehe, siku ileile sikuwa mtu wa kuandika.

Hakimu aliazima gari dogo la bosi wake akaliosha kwa sabuni na majani ya limau, na bado lilinuka samaki. Sikutapika. Nilifungua dirisha Koboko, nikafunga tena, nikagundua nimetamani angara ya kuchoma. Kesho yake nilikula kipande. Basi, nimekuambia hilo kwanza kwa sababu ya ndoo yako.

Gari lilipokata kutoka barabara kuu, wanawake waliokuwa wanapalilia pembeni wakaona. Mmoja akaacha jembe akaanza kulia, wakafuata wote, ile sauti unayoijua. Wakaanza kukimbia nyuma yetu. Nikashusha kioo nikatoa kichwa. "Munalilia nani?" Mmoja akakaa chini palepale kwenye matope. Yule wa gomesi ya kijani, Annie, akanyamaza ghafla, halafu akasema, "Na samaki yangu ya Pasaka?"

Njia ni nzuri. Sikutikiswa hata mara moja. Andama ameijaza mawe madogo, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa nimepanga kumsema, sikuweza.

Tulipofika kwenye ile pembe, nikamwambia Hakimu asimame. Sule alikuwa kando ya shamba lake, kofia ameishika kifuani, macho chini. Alikuwa anangoja tupite. Nikashuka. Andama alikuja mbio kutoka nyumbani, akafika akasimama kati yetu, na Daisy nyuma yake. Nikavua kitambaa. Niliona upepo wa nyumbani kwenye upara, nikaona aibu kidogo, halafu ikaisha.

Sule akaniangalia kwa muda mrefu. Akamwangalia Andama. Akasema, "Ulinidanganya."

Andama akasema, "Nilinyamaza."

"Yote mbili iko kitu moja."

Nikaona panga limeegemea kwenye mti. Nikasema, "Sule, ulipatia maiti njia. Mimi hapana maiti. Mimi iko hai, na titi moja, na nimechoka kusimama. Sasa mimi naomba njia, mimi mwenyewe."

Akafikiri. Unamjua mtu anayefikiri mpaka taya linatembea? Halafu akasema, "Maiti hapana omba." Akaivaa kofia yake. Akaiweka sawa kwa mikono miwili. "Pita. Lakini ya leo tu. Kesho mimi narudisha muhogo yangu."

Tukapita. Daisy alipanda nami, akanishika mkono ule mzima mpaka mlangoni hakuachia. Andama alitembea nyuma ya gari, na Sule naye alitembea mpaka kwenye mpaka wake akarudi. Jioni tulikoka moto kwa kuni zile kwa mara ya kwanza, tukapika maharage. Bado zipo nyingi, zitatosha mpaka Krismasi.

Ule ubao wa sanduku Sule hajaniambia, nami sijamuuliza. Andama anasema ameupandisha darini.

Usifikiri nimetulia. Usiku nagusa kwapa, nagusa shingo, natafuta. Nikisikia mgongo unauma nalala macho mpaka asubuhi nikiutafutia maana. Andama anajua, ananigeukia, ananipa maji. Desemba narudi kwenu kwa daktari, niandalie kitanda na ufiche vijiko.

Asubuhi ya kwanza, kabla hata sijanywa chai, Sule alikuja kweli na fungu la vijiti vya mihogo na jembe. Andama akakasirika, kazi yake yote ile. Nikamwambia atulie. Nikaomba kiti, nikakaa pale kwenye pembe nikamtazama Sule akipanda. Alipiga matuta katikati ya njia ya gari, akaacha kichochoro cha mtu na baiskeli tu. Nilihisi kitu kinafunguka kifuani, upande ule usio na kitu, nikaanza kulia, naye akajifanya haoni. Mihogo, Annie. Hakupanda maharage, hakupanda kitu cha kutoka upesi. Mtu anayefikiri gari la maiti litakuja tena karibuni hapandi mihogo pale.

Alipofika tuta la mwisho akanyanyua vijiti viwili akaniuliza, "Mama Daisy, napanda ile ya mwaka moja, ama ile ya kukawia?"

Nikamwambia apande ile ya kukawia.

Dada yako,
Léontine